Taa Uliyoiandika Jina la Baba

Angurai,
S.L.P. 63,
Malaba.

Jumatano, 19 Novemba 1997

Mpendwa ndugu yangu Levis,

Pokea salamu za nyumbani kabla ya mengine yote, maana hayo mengine si matamu. Hujambo huko Nanyuki? Kile kikohozi ulichokuja nacho wakati wa Pasaka kiliisha, au bado unapanda nacho mlima ukiwabebea wageni mahema yao? Kula vizuri. Unapowapikia wengine usisahau tumbo lako.

Sisi huku tunaendelea. Mama anasumbuliwa na magoti kwa ajili ya unyevu, lakini asubuhi bado anamtangulia kila mtu kuamka. Baba ana nguvu zake na ubishi wake. Binti yako Mitchelle ameng'oka jino la mbele na anamwonyesha kila anayepita njiani lile pengo. Mkeo Sheilah amekuwa mzito, miguu imemvimba, na anakusalimu sana. Nitarudi kwa Sheilah, kwa sababu barua hii ni kwa ajili yake.

Mvua hii wanayoitangaza redioni kila siku haijatuachilia tangu Oktoba. Mihogo inaoza ardhini. Lile kalvati la bondeni, kwenye barabara ya kwenda Malaba, lilibebwa na maji wiki iliyopita. Gari halipiti tena. Wanaume wenye haraka wanavuka kwa miguu, maji yakiwafika mapajani. Kwa hiyo hata barua hii sijui itaondoka hapa lini.

Basi, salamu nimemaliza. Levis, nimekukasirikia. Nilingoja miezi mitatu hasira ipungue ndipo niandike, lakini imekataa kupungua.

Mwezi wa nane nilikuandikia nikikuomba taa. Sikusema taa yoyote tu. Nilisema ile ya kwenye picha. Hiyo picha uliyotuletea Pasaka tumeibandika ukutani: umesimama juu ya jiwe, theluji nyuma yako, umevaa koti la kuazima, na kwenye paji la uso una kitaa kidogo kilichofungwa kwa mkanda wa mpira. Nikakueleza na sababu. Kazi yangu ya ukunga inataka mikono yote miwili, na Mungu hakunipa wa tatu wa kushikia tochi. Katika yale mafunzo ya wakunga walitupa glavu, wembe, uzi na sabuni. Taa hawakutupa. Nadhani waliotupa vifaa hivyo wanakaa kwenye nyumba zenye stima na walidhani watoto huzaliwa mchana.

Wewe ukatuma nini? Boksi kubwa, limeletwa na dereva wa lori hadi Malaba, na mimi nikalibeba kwa baiskeli kutoka huko. Ndani mna taa ya kuchaji yenye tyubu mbili, ina mpini, ina king'ora, na ina kinukta chekundu cha kukuambia chaji imejaa. Sikatai, ni taa nzuri. Lakini juu ya boksi uliandika kwa kalamu nene: KWA BABA, MZEE OLINGA.

Najua kwa nini ulifanya hivyo. Kijana wa kiume hawezi kutuma kitu cha maana nyumbani akamruka baba yake, akamwandikia dada aliyekwisha kuolewa. Watu wangesema. Ulionyesha heshima, na heshima yako ndiyo imenitesa. Siku ile Baba aliposoma jina lake kwenye boksi, taa ikawa ya boma. Na kitu cha boma hakikai nyumbani, wewe unajua.

Mtu akifa hapa kwetu, haachwi gizani hata usiku mmoja mpaka azikwe, na waombolezaji wanakaa nje siku tatu, siku nne. Wenye msiba wakija kuomba taa, husemi hapana. Nani atasema hapana? Atakuja kufa na yeye. Zamani walikuwa wakitafuta karabai, lakini karabai inavuma, inakula mafuta ya taa, na lazima mtu akae karibu aipige pampu. Taa yako haina kelele. Kwaya inasikika vizuri. Wazee wameipenda, na sifa zake zimefika mpaka maboma ambayo sisi hatuna hata ukoo nayo.

Tangu Septemba imekwenda matanga tisa. Imekwenda mkutano mmoja wa injili. Mara mbili mume wangu mwenyewe, Okedi, aliibeba alfajiri kwenda kunasa kumbikumbi, akairudisha imejaa mabawa mpaka ndani ya kioo. Kumbikumbi nilikula, sikatai. Lakini kwa wanawake wanaojifungua, ambao kwa ajili yao niliiomba, imefika mara moja tu.

Na ikirudi kutoka matangani inarudi imekufa. Kuichaji ni mpaka Malaba, kwa yule mtu anayechaji betri za magari, na inakaa huko siku nzima. Unaweza kuniambia, Levis, ni mgeni gani huyo wa mlimani anayepiga kambi karibu na soketi?

Usidhani nimekaa tu kulalamika. Nimetafuta mwenyewe. Mwezi uliopita, barabara ikiwa bado nzima, nilikwenda Malaba kwenye duka la Barasa, yule anayeuza tochi na redio karibu na stendi. Akanitolea tochi ya mawe matatu ya betri, ndefu kama rungu.

"Dada, hii ni ile ya maaskari," akasema. "Ukiwasha hapa, mtu wa Tororo anafunga macho."

"Mimi sina shida na mtu wa Tororo. Nataka ya kumulika karibu, pahali padogo."

"Pahali padogo kama wapi?"

Nikamwambia. Alichukua kitambaa akaanza kufuta kaunta, akafuta, akafuta, hakuinua macho tena mpaka nilipotoka. Lakini mawe aliyonitilia yalikuwa mapya, hilo namshukuru.

Nilivuka pia upande wa Uganda. Mama mmoja wa sokoni akaniuzia kitochi cha mfukoni. "Nnyabo, mama, utarudi kunishukuru," aliniambia. Kiliingia maji wiki ya kwanza, nami sijarudi kumshukuru. Tanboi mmoja, msaidizi wa dereva, aliyekuwa kwenye foleni ya malori akataka kunipa taa yake ya mkono yenye waya mrefu, ile wanayomulikia injini. Mwanga wake ni mzuri sana, lakini inakula moto wa betri ya lori. Nikamwuliza kama lori litaingia chumbani kwa Sheilah, akacheka, akaenda zake.

Basi nabaki na tochi ya Barasa. Unajua naishikaje? Kwa meno. Mwanamke amelala pale anangoja nimwambie asukume, na mimi nasema "mmm, mmm". Nikitoka hapo taya linaniuma siku mbili. Niliwahi kuifunga kichwani kwa leso ili nikuige wewe wa kwenye picha, ikateremka polepole ikanifunika sikio, na yule mama akacheka mpaka mtoto akatoka. Huo ulikuwa usiku mwema. Si usiku wote ni mwema.

Sasa nije kwa Sheilah.

Ulikuwa mlimani Mitchelle alipozaliwa, kwa hiyo uliambiwa tu kwamba mama na mtoto wako salama. Hukuiona damu. Mimi niliiona. Daktari wa zahanati alisema mimba nyingine asijifungulie nyumbani, apelekwe hospitali mapema akangoje huko. Tulikuwa tumepanga aondoke Jumanne hii. Kalvati likaondoka kabla yake. Yeye hata uwanjani anatembea akishika ukuta, tutamvushaje maji ya mapajani? Na mimba imeshuka. Nimempapasa leo asubuhi. Sioni kama atamaliza wiki.

Kwa wiki mbili nzima nimekuwa nikimwambia Baba, taa isitoke hapa mpaka Sheilah ajifungue. Kila mara ananijibu, "Sawa, nimesikia." Juzi Jumatatu mzee Callistus Opolot akafariki, yule fundi wa baiskeli wa njia panda, aliyekufundisha kuziba pancha. Jioni vijana wake walikuja wakasimama mlangoni. Baba aliingia chumbani akaitoa taa mwenyewe, akaifuta vumbi kwa shati lake, akawapa.

Nilimfokea Baba, Levis. Sijawahi maishani mwangu. Nikamwambia anamwangazia aliyekufa na kumnyima mke wa mwanawe. Tangu siku hiyo hatusemeshani, na Mama anazunguka kati yetu na vikombe vya chai.

Opolot atazikwa Jumamosi. Mpaka Jumamosi sina taa. Mawe ya tochi yamechoka, na unajua yakichoka huwa tunayaanika juani yanaamka kidogo, lakini jua lenyewe liko wapi? Nimeyaweka karibu na jiko. Naogopa. Nakuandikia hivyo hivyo bila kuzunguka: naogopa, na nikikumbuka lile boksi lako naona hasira inanipanda tena.

Naiacha kalamu hapa, Mitchelle ananiita.

Jumatatu, 24 Novemba

Levis, barua haikuondoka. Hakuna mtu aliyevuka tangu nilipoiandika. Naendelea hapo hapo, na nianze na lile utakalolitafuta kwa macho: Sheilah yuko hai. Mtoto yuko hai, wa kiume. Sasa vuta pumzi, nikueleze.

Uchungu ulimshika Alhamisi alasiri, ghafla, na chupa ikapasuka papo hapo. Jua likizama, kama hilo lingeitwa jua, mtoto alikuwa amekaribia. Nilikuwa na koroboi moja kwenye meza na tochi mdomoni. Mvua ilikuwa inapiga mabati mpaka hatusikilizani. Mtoto akatoka vizuri, akalia. Nikashukuru. Halafu damu ikaja.

Ilikuja kama mara ya kwanza, ndugu yangu. Kondo la nyuma lilikuwa limetoka, tumbo nililikanda likakaza, lakini damu haikusimama. Nikajua kuna mahali pamechanika, na sikuweza kupaona. Tochi ikawa ya manjano, ikawa nyekundu, ikazimika nikiwa nimeiuma. Nikaitema. Mama alisogeza koroboi, upepo wa mlangoni ukaizima, akaiwasha tena, lakini koroboi kwa kazi ile haionyeshi chochote ila moshi. Nilikuwa napapasa tu. Sheilah aliacha kulalamika, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Taa yako, ambayo vijana wa Opolot waliivusha kwenda kuichaji kabla maji hayajazidi, ilikuwa inawaka boma la tatu kutoka hapo. Nilikuwa nauona weupe wake kupitia migomba. Lakini sikumtuma mtu. Hata katika hali ile sikumtuma mtu, kwa sababu taa iliyowekwa kwa maiti haendi mtu kuichukua. Haijatokea. Nilikuwa na mikono imejaa damu ya mke wako, na bado niliona aibu ya kutuma mtu kwenye msiba akaseme tupeni taa yetu. Utanisamehe au hutanisamehe, lakini ndivyo nilivyofanya.

Baba alikuwa kule matangani. Mama alikuwa amempelekea habari mapema kwamba wakati umefika, na jirani mmoja akamfuata tena kumwambia damu inatoka. Waliokuwepo wamenisimulia. Wanasema Baba alisimama akaitazama taa, akaketi. Akasimama tena, akaketi. Mara ya tatu mjane wa Opolot, Mama Obura, ambaye alikuwa ameketi ndani kando ya mumewe, akamwita.

"Mzee Olinga, una shida gani?"

Baba akamwambia.

Na mjane, unajua, hatoki kando ya maiti mpaka siku ya kuzika. Mama Obura alisimama, akaishusha taa kwenye msumari kwa mkono wake, akaifunika kwa shuka aliyojitanda, akatoka kwenye mvua. Hakumpa kijana aibebe. Aliileta yeye. Nilisikia mlango unagongwa, halafu chumba kizima kikawa cheupe, na nikaiona damu inatoka wapi.

Nilipaziba. Mikono yangu yote miwili ilikuwa huru, kwa sababu ya tatu na ya nne ilikuwa ya Mama Obura, ameishika taa pale nilipomwonyesha, haitikisiki, maji yanamchuruzika. Nilikaza kitambaa muda mrefu sana mpaka damu ikapungua, ikasimama. Sheilah akafungua macho akaomba chai.

Nikamwambia Mama Obura, "Mama, umemwacha mzee gizani."

Akanijibu, "Opolot ameshalala. Yeye hana haraka sasa. Hii shida yenu ndiyo ya haraka."

Kule kwake walikaa gizani karibu saa nzima, umati wote ule, na Opolot katikati yao. Mvua ilipotulia kidogo niliwasikia. Walikuwa wanaendelea kuimba.

Daktari wa zahanati alifika kesho yake kwa miguu, matope mpaka kiunoni, akamshona Sheilah na kumwachia dawa. Anakunywa uji, anakaa, anamgombeza Mitchelle. Usitoke kazini ukaja mbio. Lakini ukipata ruhusa, njoo umtazame.

Jana tulimpa mtoto jina. Nyanya yake Sheilah, ambaye ndiye angempa jina, hakuweza kufika, kwa hiyo Mama ndiye aliyechovya kidole kwenye ajono, pombe yetu ya wimbi, na kumtia mdomoni, akitaja majina. Akaanza na Olinga, kama ilivyostahili. Mtoto akageuza uso. Akataja la babu yetu, mtoto akatema. Aliposema Opolot, mtoto akashika kile kidole akakinyonya mpaka Mama akakitoa kwa nguvu. Kwa hiyo mwanao anaitwa Callistus Opolot, na hakuna mtu aliyekuuliza. Mama Obura alikuwa ameketi mlangoni. Alilia kwa mara ya kwanza tangu msiba uanze, ndivyo wasemavyo.

Usifikiri kwa hayo nimepoa. Sijapoa. Tulipona kwa wema wa mtu mwingine, na mtu hawezi kufanya kazi akitegemea kila mara wajane watamletea taa kwenye mvua. Bado nataka ile ya kichwani. Iwe inatumia mawe madogo, haya ya redio, yanayouzwa hata hapa sokoni. Isitake soketi. Isiogope maji. Na iwe ndogo, ya kumulika mtu mmoja tu, ili asije mtu akaiona akafikiria kwaya. Najua ulisema hizo ni za wageni. Basi mwombe mgeni mmoja aliyemaliza kupanda na hapandi tena. Mwambie inakwenda kazini.

Ile kubwa siigombanii tena. Leo asubuhi walikuja kuiomba tena, msiba upande wa pili wa mto. Baba hakuwapa. Aliwaacha uani, akavuka shamba la mihogo mpaka kwangu, akasimama nje kama mgeni. Hatukuwa tumesemeshana siku saba.

"Kuna mwanamke yeyote anakaribia?" akaniuliza.

Nikamwambia wiki hii hakuna.

"Basi waende nayo?"

Nikasema waende nayo. Akatikisa kichwa kukubali, akaenda hatua chache, akarudi. Akaniuliza kama barua yako imeondoka. Nikamwambia bado. Alikwangua matope kwenye kiatu, halafu akaniambia nikuandikie maneno haya, nami nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie Levis, safari hii asiandike jina langu."

Wanakusalimu Mama, Okedi wa kumbikumbi, na Mitchelle na pengo lake. Mama Obura pia anakusalimu. Ukija, anza kwake kabla hujaingia kwetu. Sheilah anasema atakuandikia mwenyewe akipata nguvu, na anasema una deni la kumwona mtoto. Mungu akushikilie miguu huko kwenye mawe na barafu, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi nikupendaye, hata nikiwa nimekasirika,

Dada yako,
Caren Ayoo

(Uandike hivyo hivyo kwenye boksi.)